Bukari ya fundi wa Lubumbashi

Leo kanisani balipigia kazi yangu makofi, na minyi nilirudia kwangu na hasira.

Tangu niliolewa, niliacha kutengeneza site za internet. Mwaka huu nikajiambia: jaribu tena, tuone. Nikatengeneza site ya korale yetu ya kuimba kanisani, pole pole, courant ya umeme ikikatika kila saa.

Leo prezida wa korale anaionyesha bantu bote, na minyi ananinyooshea kidole:

"Mama Mwalimu alitutafutia fundi mukubwa wa Lubumbashi!"

Nikasimama. "Prezida, fundi ni minyi."

Bakacheka! Hata bamama benzangu, ninyi munaosoma hapa kwa groupe yetu.

Yeye akanipoza: "Usikasirike, Mama. Fundi akikuya, weye njo utamupikia bukari."

Bon. Nitapika huo ugali, na samaki ya kutoka Mulongo.

Na nitakula minyi, mbele yenu bote.