Skapulari ya Bibi Lupe

Utoto wangu ulipita Rashidiya, mtaa wa Dubai, ghorofa ya nne, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, baba akiwa mpishi wa hoteli kule Dubai Marina na mama akifanya kazi za ndani kwa madam mmoja. Tukitoka shule, mimi na mdogo wangu Neema tulishinda kwa jirani yetu Bibi Lupe, mzee wa Kimeksiko aliyeishi na binti yake.

Alitusimulia kwa Kiingereza cha kuungaunga kama chetu. Zamani kwao serikali ilifunga makanisa na kuwasaka mapadre, Wakatoliki wakapanda milimani na bunduki zao za kuwindia. Baba yake alikuwa mmoja wao. Shingoni alivaa skapulari, kitambaa kidogo chenye kamba, kilichobarikiwa na padri, na Bibi alishikilia kwamba anayeivaa risasi haimpati. Sisi, tuliokwenda misa kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, bila kusakwa na mtu, tulimsikiliza bila kupepesa.

Neema alikuwa na miaka saba na aliogopa kila kitu, hata lifti. Bibi akamvalisha ile skapulari, aliyoachiwa na baba yake. Nadhani alitaka tu kumpa moyo.

Kesho yake mchana nilimkuta Neema kwenye roshani ya Bibi, ameketi juu ya chuma cha ukingo, mguu mmoja nje. Chini kabisa yalikuwa magari.

"Siogopi tena," aliniambia. "Naachia mikono."

Bibi Lupe alitoka jikoni, akamwona, akasimama. Hakumkimbilia. Aliongea kwa sauti ya kila siku.

"Neema, kuna mtu sijawasimulia. Ndugu yake baba, Tomás. Naye alivaa skapulari kama hiyo."

"Risasi haikumpata?"

"Ilimpata. Alikufa skapulari ikiwa shingoni."

Neema akakishika chuma kwa mikono yote miwili, akaanza kulia. Hapo ndipo Bibi alipomfikia, akamkamata kiunoni na kumvuta ndani, wakaanguka wote sakafuni.

Walikaa palepale. Baadaye Neema akauliza, "Baba yako alimwona?"

"Alimzika."

"Halafu akarudi nyumbani?"

"Akarudi milimani."

Bibi alikuwa ameishi na imani ile tangu utotoni, na aliivunja mbele yetu ili mtoto wa jirani ashuke salama. Mimi sikuamini tena kwamba kitambaa kinazuia risasi. Ila namfikiria sana yule baba wa Bibi, aliyemfukia nduguye kwa mikono yake, akajua wazi kinachomngoja, na bado akapanda tena milimani.