Vidole vya Mke Mwenzangu

"Weka hiyo pasi chini!"

"Siweki."

"Mke wangu, kesho ndiyo siku yenyewe, halafu leo unashika moto?"

"Shati lako lina makunyanzi kama uso wa Bibi."

Uso wenyewe ni huu wangu. Nilikuwa palepale kitandani kwangu, kwenye kona, nimefumba macho nikijifanya nimelala. Kulala kwa kujifanya ndiko kulikonifundisha yote ninayoyajua. Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita.

Waliokuwa wakigombana ni mume wetu na mke mwenzangu. Usishtuke. Mume wetu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume, hilo halina mjadala. Aliniposa angali ananyonya. Huyu mwingine alimleta baadaye, mtu wa nchi ya mbali, wala hakuniomba ruhusa. Nikamwambia, karibu mke mwenza, ugomvi wote chukua wewe, mimi nibakizie chai. Tangu hapo hatujaitana kwa jina.

Kazi yake ni kupiga pasi. Aliingia nchini kwa kibali cha kazi, akachukuliwa alama za vidole, akawekwa chumba cha kufulia cha hoteli, kule chini ya ardhi, mabomba ya mvuke yanafoka na mashuka yanakuja kama mafuriko. Anapiga pasi mpaka inzi akitua kwenye shuka anateleza anavunjika kiuno. Kuna mgeni mmoja alinyoa ndevu kwa kola ya shati alilopigiwa na mke mwenzangu. Usiponiamini mtafute, kidevu chake kinang'aa mpaka leo.

Ubaya ni kwamba ana mtindo wake. Hulivuta shuka kwa ncha za vidole, mbele kabisa ya pasi, moto ukimramba. Mwaka ukaja, mwingine ukaenda, mistari ya vidole ikafutika, vikabaki vinateleza kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya maji.

Walipooana, ikabidi atoke kwenye ukaazi wa kazi aingie kwenye ukaazi wa ndoa. Nilimsindikiza mimi kwenye ofisi ya uhamiaji, maana mume wetu ni mwoka mikate: usiku yuko tanurini, mchana amelala kama gogo. Karani akasema weka vidole kwenye mashine ya kusoma alama. Akaweka. Mashine kimya. Akavifuta kwa khanga yangu, akaweka tena. Kimya. Nyuma yetu foleni inaguna. Karani akachoka, akaandika kuwa huyu ni mtu mpya, akampa namba mpya. Nasi tukashukuru! Tukatoka pale tunacheka, tunasema kumbe mambo mepesi.

Baadaye tukaitwa. Kumbe humo ndani ya kompyuta yao wamo wanawake wawili. Wa kwanza mpiga pasi, namba yake ya zamani, kibali kimekwisha, alipaswa awe ameshaondoka na sasa anatafutwa. Wa pili mke wa mtu, namba yake mpya, na hakuna anayejua aliingia nchini kwa mlango gani.

"Huyo wa kwanza ni mimi," mke mwenzangu akasema.

"Vidole vyake si hivi, mama."

"Picha je? Si uso huuhuu?"

"Watu hufanana."

Nikaona niingilie. "Mwanangu, mume wetu ana wake wawili, mimi na huyu. Huyo wa tatu kama mnaye, mtoeni aje nyumbani, vyombo vimejaa havijaoshwa."

Karani hakucheka. Nadhani watu wa pale meno huyaacha kwa askari wa mlangoni.

Akatoa neno lake: mikono ipumzishwe, ngozi irudi, aje apimwe tena. Vidole vikifanana na vile vya kwanza, wataunganisha namba, wawili wawe mmoja. Mpaka hapo, asisafiri. "Kutoka utatoka," akasema. "Kurudi ndiko sikuahidi."

Neno hilo ndilo lililomkata maini, maana ana mama yake kule kwao. Mama haoni tena, na kumbukumbu nayo inamvuja kama maji kwenye ungo. Jioni kwa jioni mke mwenzangu hupiga simu. Zamani mama aliuliza, unakuja lini? Siku hizi anauliza, wewe nani?

"Ni mimi, mama. Kitinda mimba wako."

"Yule yuko mbali. Yule anapiga pasi."

"Ndiye mimi, mama."

"Haya mwanangu. Ukimwona, nisalimie."

Nayasikia hayo nikiwa nimelala, kule kulala kwangu kwa kujifanya. Dada yake naye humalizia: fanya haraka, akishika mkono wa mtu bado anamjua, lakini hatujui mpaka lini.

Basi akakaa nyumbani na mikono imepakwa mafuta, imevishwa soksi za mume wetu kama mtoto mchanga asijikune. Asioshe, asipike, asifue. Wenzake wa chumba cha mvuke walikuja kumwona, wakaja tena, halafu wakaacha. Mashuka hayangoji mtu. Mchana mume amelala, haruhusiwi kumwamsha. Usiku mume hayupo. Hukaa dirishani akitazama nguo za jirani kwenye kamba, na kila kunyanzi linamuuma kama jino bovu. Amejua majirani wote wa juu kwa mlio wa kandambili zao, na hakuna hata mmoja anayemjua yeye. Namtolea uongo wangu mtamu, ule wa mbuzi aliyeoa, ule wa mwizi aliyeiba kisima. Anacheka, lakini kicheko kinafika kimechelewa, kama kimetoka safari.

Ndipo jioni ya leo, kesho ndiyo siku ya kupimwa, nikamsikia ameinuka, kavua soksi, kachomeka pasi.

"Ngozi ndiyo kwanza inarudi!" mume wetu alikuwa akifoka. "Unataka uiunguze tena?"

"Mama akinishika mkono huu, laini hivi, atasema ni mgeni."

"Kwa hiyo bora mashine isikujue?"

"Mashine haikunizaa."

"Na mimi je? Mimi umenisahau kwenye hesabu zako?" Akamnyang'anya shati, limenyooshwa mkono mmoja tu, akalivaa hivyohivyo. "Unataka kwenda? Basi nenda! Nenda!"

Mlango ukabamizwa, vikombe vikaruka kabatini.

Mke mwenzangu akachomoa pasi. Akaja kukaa kitandani kwangu, akaniingizia mkono wake ndani ya wangu. "Najua hujalala, Bibi. Hebu nishike. Ni wa nani huu?"

Nilitaka kumwambia ni laini kama mkate wa mume wetu, lakini mkate wa mume wetu unavunja jino.

"Una baridi," nikasema.

"Kesho vidole vikisomeka, nitakwenda kwa mama na nitarudi. Visiposomeka, nitakwenda vilevile."

"Halafu?"

Akaunyoosha ukingo wa shuka langu kwa mkono wake wa pili.

"Mume wetu nimwambie nini?"

"Wewe hukosi la kumwambia, Bibi. Ulimwambia mbuzi alioa, akaamini."

"Alikuwa mtoto."

Akautoa mkono wake, akautazama kwenye mwanga wa taa ya barabarani uliopenya dirishani, akavifikicha vidole kwa kidole gumba kimoja kimoja.

"Mwambie," akaanza. "Mwambie kwamba mimi..."

Mlango ukasukumwa kwa kisigino. Mume wetu, ambaye saa hiyo alipaswa kuwa tanurini, akaingia kinyumenyume, mkono mmoja wa shati umenyooka na mwingine umekunjamana, akiburuta begi kubwa la magurudumu aliloazima kwa tajiri wake wa mikate, anayekaa nyumba ya pili. Akalisimamisha mbele ya mke mwenzangu, akasema, "Acha nafasi ya zawadi ya mama." Lilikuwa tupu, halina uzito wa kulisimamisha, likaanguka lenyewe.