Waliolibeba Jeneza la Wilf Oldroyd

Marian Oldroyd alizaliwa katika kijiji cha wachimba makaa karibu na Barnsley, na jambo la kwanza alilofundishwa kuhusu polisi ni kwamba hawasalimiwi. Baba yake, Wilf, alipigwa na polisi rungu la kichwa wakati wa mgomo mkubwa wa wachimbaji, akashtakiwa yeye kwa kufanya fujo, kesi ikafutwa, na hakuna aliyewahi kumwomba radhi. Tangu siku hiyo hakuongea tena na Clifford, kaka wa mkewe, kwa kuwa Clifford alikuwa askari polisi mwaka ule. Clifford hakumgusa mtu. Alikuwa mji mwingine kabisa, akiongoza magari. Haikumsaidia kitu. Pale kijijini sare ilikuwa sare.

Marian alipokua alipata kazi Leeds, jikoni mwa shule ya msingi. Jioni, mikono ikinuka kabichi, alikwenda kwenye mikutano ya watu waliokuwa wakipinga kiwanda cha silaha. Walikuwa watu wema na wasumbufu, wa kubishana mpaka chai ipoe kuhusu rangi ya bango. Walikuwa na desturi moja waliyoishika kama dini: hawakuulizana habari za nyuma. Umetoka wapi, wazazi wako nani, unafanya kazi gani, hayo kwao yalikuwa maswali ya kipolisi. Basi polisi alipoingia kweli, hakuna aliyemuuliza lolote. Alijiita Gavin Marsh, na alikuwa na gari la mizigo, kitu ambacho kundi zima lilikuwa likikiota.

"Mabango tupia nyuma, mpenzi," alimwambia Marian siku ya kwanza. "Wewe njoo mbele. Huko nyuma kunanuka mbwa."

"Mbwa wako?"

"Wa mwenye gari wa kwanza. Mimi hata paka hanitaki."

Marian akacheka. Nasema wazi, kicheko kile kilimla miaka yake mizuri yote.

Wakaishi pamoja. Jumapili walikwenda kula kwa mzee, nyama ya kuokwa na mchuzi mzito, na Wilf, ambaye hakuwahi kumpenda mwanamume yeyote aliyeletwa na bintiye, huyu alimpenda. Wakishiba walikaa sebuleni wakiwatukana polisi kwa zamu. Gavin aliwatukana vizuri kuliko mzee.

Kisha vumbi la makaa likadai mapafu ya Wilf. Siku zake za mwisho alimwita binti yake kitandani.

"Marian wetu, sikiliza. Nibebwe na watu wetu. Polisi asiniguse."

"Nani atakugusa, Baba?"

"Clifford. Namjua, atakuja na suti yake."

"Mjomba alishastaafu zamani."

"Kazi ile haina kustaafu. Nafasi yake mpe Gavin."

Gavin alikuwa ameushika mkono wa mzee. "Nitakubeba, Wilf," akasema. "Ondoa shaka."

Clifford alikuja kweli, na suti yake. Wanaume walipojipanga nje ya kanisa, naye alisogea, akaliandaa bega. Ni Marian mwenyewe aliyemzuia.

"Samahani, Mjomba. Baba alikataa."

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Haya, binti." Akarudi nyuma hadi getini, akasimama huko ibada nzima, mvua ikimnyeshea. Gavin alibeba mbele, upande wa kushoto, machozi yakimtiririka, na wanawake wa kijiji walinong'onezana kwamba Marian amepata mume.

Mwaka uliofuata Gavin akasema kichwa chake hakiko sawa, anakwenda kupumzika ng'ambo, asitafutwe. Marian alimtafuta. Alimtafuta kama mjane aliyenyimwa maiti. Miaka ilipita kabla wenzake wa mikutano hawajagundua kwamba Gavin Marsh halisi alikufa akiwa mtoto mchanga, na kwamba aliyelitumia jina lake alikuwa afisa wa siri wa polisi, mwenye mke na watoto wake.

Serikali ikaunda tume ya kuchunguza maafisa wa aina hiyo. Mawakili walieleza haki za binadamu kwa ufasaha, kwamba dola haina ruhusa ya kuingia kitandani mwa raia. Hatua chache kutoka hapo, bungeni, wanasiasa walikuwa wakijadili kuwapa maafisa wa siri ruhusa zaidi. Marian aliyasikia yote kama redio ya jirani. Alikuwa na jambo moja tu, na alimwomba wakili wake amuulizie: siku ya mazishi, baba yake alibebwa na nani?

Afisa alijibu akiwa nyuma ya pazia. Sauti ilikuwa ileile.

"Ulijua marehemu alitaka nini?" wakili akauliza.

"Nilijua."

"Mbona ukabeba?"

"Ningekataa wangenishuku. Nilikuwa kazini."

"Na yale machozi?"

"Machozi siyakumbuki."

Marian hakungoja kikao kiishe. Alipanda treni hadi Barnsley, akaenda moja kwa moja kwa Clifford, ambaye sasa alitembelea fimbo na aliishi peke yake. Alianza kulia kabla hajavua koti.

"Mjomba, nilikufukuza wewe, nikampa polisi jeneza."

"Nimesikia kwenye taarifa ya habari. Kaa kwanza."

"Nilikuacha mvuani."

"Nilikuja kumzika shemeji yangu," Clifford akasema. "Getini napo nilimzika." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Marian zaidi. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Kesho nakwenda kaburini. Nitamwambia nini Baba?"

Clifford alimtazama, yule aliyechukiwa maisha yake yote kwa ajili ya sare.

"Usimwambie kitu, binti. Mwache alale akijua alibebwa na watu wake."