Viti Thelathini na Saba vya Nurdin

Mwenye kiwanja alikuja Jumatatu asubuhi na hakutaka hata kukaa. Kiwanja kimeuzwa, alisema, mnunuzi anajenga fremu za maduka, na Alhamisi katapila linaingia. Nurdin Likungwa, fundi seremala wa Manzese, aliweka randa chini akageuka kutazama nyuma ya banda lake. Viti thelathini na saba vilikuwa vimepandana hadi kwenye bati.

Vilikuwa viti vya miaka ya mwanzo wa Uhuru. Baba yake, mtu wa Newala, alikuwa akivitengeneza katika karakana moja ya Chang'ombe, wakati ofisi mpya zilipotaka viti vipya. Michoro ililetwa na wageni kutoka Ulaya ya kaskazini; mbao zilikuwa za mninga wa hapahapa. Havikuwa na nakshi hata moja. Miguu ilikuwa myembamba, imechongoka kuelekea chini na kutanuka kidogo kwa nje, kama ya ndama anayejifunza kusimama. Egemeo lilipinda kufuata mgongo wa mtu.

"Hiki hakina makuu," baba yake alikuwa akisema. "Karani anakikalia, na waziri anakikalia."

Kisha watu wakapenda sofa nene, na ofisi zikavitupa. Nurdin aliviokota kwenye minada na nyuma ya mashule, akavirudishia uhai kimoja kimoja kwa miaka kumi na tisa. Wateja walinunua vitanda vyake. Viti waliviita vikongwe. Mwaka huu ndipo alipotokea Bupe, mchora ramani za nyumba anayeishi Madale. Alikalia kimoja, akapapasa chini ya mkono wa kiti, akasema, "Vyote navitaka, fundi. Nitaleta lori."

Sasa simu ya Bupe haikupatikana. Nurdin alipiga mpaka mkewe, Shamimu, akamnyang'anya simu.

"Baba Rukia, huyo haji. Tafuta pa kuviweka."

"Wapi? Sie wenyewe tunapishana mlangoni!"

Jumanne alikwenda Goba, kwenye shule moja, na kiti kimoja begani kama mfano. Mwalimu mkuu alikizunguka akakitikisa.

"Kizuri, lakini watoto watakivunja. Tungepata vya plastiki ingekuwa afadhali."

"Mwalimu, nakupa bure."

"Ndiyo maana naogopa," alijibu mwalimu, akacheka. Nurdin hakucheka. Alitoka na kiti chake, akafika barabarani akashindwa kukumbuka alikuja kwa njia gani.

Jumatano mvua ilianza alfajiri. Mama lishe wa jirani alikuja kuulizia viti vya kufanyia kuni, kwa upole, kama mtu anayeuliza nguo za marehemu. Hapo kitu kikamkatika Nurdin ndani. Alibeba viti viwili, akaingia uchochoro wa kwanza, akabisha hodi.

"Nihifadhie hiki, ndugu yangu. Kikalie, kitumie. Nikipata pahali nitakifuata."

Alibisha mlango baada ya mlango, amelowa, sauti imekauka. Shamimu alibeba vingine kichwani. Wengine walipokea kwa huruma, wengine walifunga mlango. Katika nyumba moja alimokataliwa alipiga magoti barazani, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na mwenye nyumba akaona aibu akakipokea. Jioni viti ishirini na sita vilikuwa vimepata wenyeji.

Alhamisi katapila halikuchelewa. Vilivyobaki alivitoa akaviweka kando ya barabara, na alipokuwa anarudi ndani kuchukua misumeno watu walikuwa tayari wanaviondoa. Alipiga kelele. Hakuna aliyegeuka. Ukuta ulipoanguka aliketi kwenye tope, Shamimu akamshika bega.

Bupe alipiga simu Jumamosi. Alikuwa Tukuyu kumzika mama yake, kijijini kusikokuwa na mtandao. Alilia kwenye simu, Nurdin naye akampa pole.

Wiki iliyofuata Nurdin alipita kukusanya. Viti vinne vilikuwa vimeuzwa. Vitatu vilikuwa vimepakwa rangi ya mafuta. Kimoja kilikuwa kimekatwa miguu ili kifae kukaliwa wakati wa kufua. Alipata kumi na saba, na Bupe akavichukua.

Kimoja kilichobaki kilikuwa kwa Bi Chausiku, bibi wa karibu na msikiti, aliyekikalia barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuchukua kiti."

"Marahaba. Mwaka wa sita huu mgongo unaniuma, mwanangu. Tangu nikalie hiki, nalala. Ukikitaka, kichukue na mie nikiwa juu yake."

Nurdin hakuwa na banda, na kazi ya kibarua aliyoipata kwa fundi mwingine ilikuwa ya kutengeneza sofa. Mwishowe akaomba karatasi na kalamu ya kuchorea kiti kwa mjukuu wa bibi, akachuchumaa, akatoa futi mfukoni.

"Basi usisogee, bibi," alisema, akaanza kupima mguu wa mbele wa kiti.