Dazeni za Mashati

Dada yangu alishona kola za mashati miaka kumi na sita. Kiwandani walimwita Mama Kola. Kola ikipinda kidogo tu aliifumua, na msimamizi akimwambia aharakishe, alimjibu, "Njoo ukae wewe basi." Kola hizo ndizo zilizonisomesha mpaka nikapata kiti wizara ya biashara, nikawa mtu wa kuvaa tai na kuchapa majedwali. Kushona sijui hata kifungo.

Mwaka juzi wanunuzi wetu wa ng'ambo walitaka kupunguza nguo tunazowauzia, maana viwanda vyao vilikuwa vinalia. Ujumbe wetu ukaenda kujadiliana, na mimi nimo, mbeba mafaili. Siku nne mkuu wetu alikomaa nao mpaka wakakubali dazeni laki tano za mashati kwa mwaka. Kazi yangu ilikuwa kuchapa tu. Katika biashara hii mashati huhesabiwa kwa dazeni, hata dada analijua hilo. Mimi, msomi wa ukoo, nikaandika "mashati laki tano".

Kosa nililiona asubuhi ya kutia saini. Utaratibu wa vikao vile ni kwamba mwenyekiti husoma jedwali mstari kwa mstari, na asiyeinua kidole amekubali. Alipofika kwenye mashati, nikajifanya kunyoosha tai. Mkuu alikuwa ametoka kunisifu mbele ya wageni kwamba kazi yangu haina doa. Nikaona haya kumwaibisha, au tuseme ukweli, kujiaibisha. Nikala jiwe. Wale wa upande wa pili wakatazamana, wakasoma tena, wakanyamaza na wao.

Kufika mwezi wa pili, kikomo cha mwaka mzima kilikuwa kimekwisha. Mashati yakarundikana bandarini, laini ya kola ikafungwa, na dada akarudi nyumbani na mkasi wake ndani ya mfuko wa nailoni. Mkuu alibeba lawama kwa sababu saini ilikuwa yake. Sikumtetea.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwepo," dada akaniambia. "Njoo uwaeleze wenzangu."

Wanawake kama arobaini walikuwa wamekaa nje ya lango la kiwanda. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba leo nasema yote. Dada akanishika mkono, akanisimamisha mbele yao.

"Huyu ndiye mdogo wangu. Ametupigania siku nne, hata usingizi hakuupata!"

Mmoja akauliza, "Sasa nani alituuza?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wote walikuwa wananitazama, na dada alikuwa anatabasamu.

"Wale wa ng'ambo," nikasema. "Ni wajanja mno."

Wakanipigia makofi. Niliinamisha kichwa kwa aibu, na dada akawaambia wenzake kwamba tangu utotoni mimi sipendi kusifiwa.