Vyuma Alivyochagua Mama

Mpaka leo, nikikamua ndimu juu ya majivu, harufu ile hunirudisha kwenye ua wa baba mdogo Banza. Ni Jumapili baada ya misa, na mama yangu amepiga magoti vumbini, kitambaa mkononi, anasugua pikipiki ya watu. Nasema ya watu kwa hasira tu. Ilikuwa yetu.

Wewe unayenisoma, usitegemee nikuambie mwishoni kwamba nilisamehe. Sikusamehe, na mama hakusamehe mpaka anaingia kaburini, na wote wawili tulikuwa watu wa kanisa.

Baba alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba, miaka ile mkoa wetu wenyewe ulipoitwa Shaba. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia pikipiki kubwa, nzito kama ndama, yenye kiti kipana cha kukaa umejiegemeza. Jioni moja baba alinichukua mpaka kwa fundi Mwape, aliyekuwa akichomelea vyuma nyuma ya soko, kuchagua vyuma vya kukinga injini. Ni vile vinavyotokeza kila upande, ili pikipiki ikianguka ilalie chuma, isilalie mguu wa mtu. Baba aliniketisha mbele, juu ya tangi, akaweka bomba sambamba na mguu wangu.

"Ongeza kiloko, Mwape," alisema, yaani kidogo. "Mutoto atakuwa mukubwa."

Alichagua chuma cheusi, kinene, kibaya hata kukitazama. Vyuma vikatengenezwa, lakini kabla havijafungwa baba alishikwa na kifua, akalazwa, hakurudi tena.

Kwetu ndugu za mume hawangoji machozi yakauke. Banza, mdogo wake baba wa tumbo moja, alichukua kitanda, viti, redio, sufuria zenye mifuniko, na pikipiki. Mama aliachiwa mkeka na mimi. Tulihamia chumba kimoja mtaa wa Hewa Bora, na kwa kuwa hakupiga kelele wala kugombana, watu walimsifu kwamba ni mwanamke mpole. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mtaani kwetu hakuna aliyeikumbuka methali hiyo wakati ule.

Pikipiki ikamkataa Banza. Ilimwangusha kwenye kona ya soko, ikamwangusha tena mbele ya kanisa, watu wakitoka misa, nami nikiwa mmoja wao. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa haraka namna ile. Wazee wakaanza kunong'ona: kitu cha marehemu hakitulii mpaka mjane akiwekee mkono kwa hiari yake. Banza alikuwa kiongozi wa chama mtaani petu, abakosti yake, lile koti la watu wa chama, imepigwa pasi kila siku, lakini wafu hawaogopi abakosti. Akaja kwetu akichechemea, kitambaa kimefungwa gotini.

"Mama Ngoie," alimwambia mama, kwa jina langu, kama walivyomwita wote. "Ninataka kuweka vyuma ya kukinga mashini. Weye njo utachagula. Mukono yako ikifika pale, kaka atatulia."

Mama alimaliza kwanza kupepeta unga wake. Kisha akasema, "Sawa, baba mudogo. Tutaenda."

Kwa Mwape, vyuma vya baba vilikuwa bado vimening'inia ukutani, vina vumbi. Nilipofungua mdomo, mama aliniminya vidole hadi nikaufunga. Banza naye aliviona.

"Na bile?"

"Bile iko ya muntu wa kazi," mama alisema, hakugeuza hata shingo. "Weye uko kiongozi. Utavaa chuma nyeusi? Hapa ni Shaba. Weka mukuba."

Mukuba ndiyo shaba yenyewe, kwa lugha yetu ya nyumbani. Mwape alikohoa. "Mukuba iko laini," alisema. "Ukianguka, itajikunja." Halafu kwa sauti ya chini: "Na mabomba ya namna ile, shee bote tunajua inatokaka wapi."

Tulijua, hata sisi watoto. Vibati vyembamba vya shaba mafundi walivigongea picha wakauza hadharani, hapakuwa na neno. Lakini bomba nene la shaba lilitoka mahali pamoja tu, nyuma ya ukuta wa kampuni ya matanuru, kwa wizi. Watu walikuwa nalo, sikatai. Lililala ndani, chini ya vitanda, na hakuna aliyelitembeza barabarani.

Banza alicheka. "Nani atanikamata miye?" Mabomba, alisema, atayatafuta mwenyewe, ana watu wake.

"Basi nimupime muguu?" Mwape alimwuliza mama.

"Hapana. Haina lazima."

Mwape alimtazama mama, kisha akainama kwenye kazi yake. Vilibaki vikanyagio vya mbele, vile vya kunyooshea miguu safari ikiwa ndefu. Mwape alitaka kuviweka chini, karibu na injini. Mama akamwomba avipandishe, avisogeze mbele kabisa, kwenye ncha za shaba.

"Njia ya Mitwaba iko mulefu," alisema. "Anyooshe miguu. Bantu ya kwabo bamuone."

Banza hakuwa amefikiria kwenda Mitwaba, kwao kwa asili. Nilimwona akianza kuifikiria pale pale, mdomo wazi.

Tangu hapo, kila Jumapili, mama alifunga ndimu na majivu kwenye kitambaa tukaenda kwa Banza kung'arisha shaba. Hakuitwa, alijipeleka. Banza alikaa kwenye kiti, kiti chetu, akiwaambia majirani, "Muone muke ya kaka yangu. Iko na heshima." Mama alisugua hadi uso wake ukaonekana mle ndani, umepinda, na mimi nilisimama langoni nikifa kwa aibu. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Banza. Mwizi nilimwelewa, lakini mtu anayempiga mwizi rangi viatu alinishinda.

Kiangazi kilipokolea Banza aliondoka kwenda kujionyesha Mitwaba. Habari alituletea mwanamke mmoja muuza unga, aliyekuwa juu ya lori nyuma yake. Kwenye bariere, yaani kizuizi, ya barabara ya kaskazini, askari hawakuwa wa mtaa wetu. Waliona kwanza mng'aro unakuja kutoka mbali, halafu wakaona soli za viatu. Mtu anawapita askari wa serikali amewanyooshea miguu. Walipiga filimbi.

"Citoyen, shusha miguu," walimwambia, kwani miaka ile kila mtu aliitwa hivyo, mwananchi.

Aliishusha. Ndipo walipoizunguka pikipiki taratibu, wakagonga bomba kwa kucha.

"Citoyen, mukuba hii ulitosha wapi?" Walitaka kujua alikoitoa.

Banza akasema yeye ni kiongozi. Akataja mtaa wake, akataja avenyu yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari nayo. Walimweka ndani hadi mvua za kwanza. Pikipiki haikurudi, wala shaba.

Alikuja kwetu kwa miguu, amekonda, abakosti haina vifungo. Mama alimpa kigoda, akamletea maji kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Mama Ngoie," alisema, "ulijua?"

"Uliniambia nichagule," mama alijibu. "Nilichagula."

Akanywa maji, akainuka, akaondoka. Nilisimama mlangoni nikamsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa avenyu, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Jumapili iliyofuata nilichuma ndimu kwa mazoea. Mama akazikata akazitia kwenye chai.

Hata hivyo, kwa miaka mingi nilikuwa na neno moja na mama. Kama alikuwa na akili zote zile, kwa nini hakuzitumia kuirudisha pikipiki? Niliona kisasi chake kilitulipa nusu tu ya deni. Sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza.

Tulipomzika mama, nikainua mkeka wake kufagia, nikakuta vyuma vya baba vimeviringishwa kwenye kitenge chake cha harusi, vimepakwa mafuta, havina hata doa la kutu. Sijui alivichukua lini kwa Mwape. Niliketi chini nikaweka mguu wangu sambamba na bomba. Ulikuwa wa mtu mzima sasa, na ulitosha, na nafasi kidogo ilibaki.

Hapo nikakumbuka ile siku ya kuchagua. Chuma kizuri unamtafutia mtu unayetaka arudi nyumbani mzima, na baba alimpima mtoto wake, akaongeza. Mama alichagua shaba, akachagua vikanyagio, akachagua na safari yenyewe. Mguu wa Banza una urefu gani, hakutaka kujua.