Nimemtoa Farasi Mashindanoni, na Sijutii

Leo farasi wa kina mama wa kanisa letu hakukimbia. Mimi ndiye niliyemtoa.

Na siombi msamaha.

Mimi ndiye ninayemfundisha. Tulimwandikisha kwa sababu mbio zilikuwa za kwenye nyasi, na nyasi ndizo anazoziweza. Halafu mvua ikanyesha Dallas yote, wenye uwanja wakazihamishia kwenye udongo.

Udongo gani? Tope tupu!

Wenye farasi, wale kina mama, manesi wanane kutoka Euless, mji wa jirani na Dallas, walishafika na kofia za harusi na chapati. Mwenyekiti wao, Mama Shiro, akaniwakia: "Wewe ni mwoga! Si ni farasi? Akimbie!"

Nikamwambia, "Mama, hebu ingia topeni wewe kwanza."

Jameni, aliingia. Na viatu vya kanisani.

Hatua ya tatu, kiatu kikabaki ndani. Akarudi akichechemea, mimi nimeuma midomo nisicheke.

Akaangalia mguu wake. Akaangalia mguu wa farasi, ule wa mbele ulioumia mwaka jana.

"Mrudishe zizini," akasema polepole.

Wale saba bado hawanisemeshi. Chapati wameondoka nazo zote.

Anayeona nimekosea aandike hapa chini. Ila kwanza aje na viatu vyake vya Jumapili.